Pindo la Kukulia

Mama Pima hakununua hata kifungo bila kukipima, ndipo mafundi cherehani wenzake wakampa jina hilo. Basi mumewe, dereva wa kreni, alipopata kazi ya daraja katika nchi ya watu, na kampuni ikaahidi kumlipia binti yao karo ya shule ya wageni, mama alisema tu, "Tutaiona kwanza."

Binti alikuwa amenyamaza tangu wahamie. Kwao alikuwa kasuku. Huku hata akitaka chumvi alinyoosha kidole. Mama akajiambia: shule ni ile itakayomrudishia mwanangu ulimi.

Shule ya wageni ilinukia rangi mpya. Lakini wakati wa mapumziko watoto walikaa makundi makundi, kila taifa na benchi lake. Binti akang'ang'ania gauni la mama. Kesho yake wakaenda shule ya mtaani, yenye ukuta uliobanduka. Kabla hawajafika ofisini, msichana mwenye pengo alimkamata binti mkono, akamwingiza kwenye kamba. Binti akaruka, akaanguka, akacheka.

"Hapa," mama akasema.

"Mke wangu, unakataa cha bure?"

"Kiatu cha bure kikibana, baba, utakivaa?"

Jirani yao, mke wa mhandisi waliyetoka naye kwao, alimcheka hadharani. "Shoga, umeacha mkate umeokota makombo!"

"Mkate wa kula peke yako hukwama kooni, shoga."

Akashona sare mwenyewe, na pindo nene la kukulia, kama wafanyavyo kwao, ili sketi ifumuliwe na kushushwa kila mtoto akirefuka. Mjini hapa sketi ikifupika hununuliwa nyingine. Darasa zima likacheka pindo lile. Binti akarudi analia.

"Nilikate?" mama akauliza, mkasi mkononi.

Binti akatikisa kichwa kukataa.

Wiki zikapita. Jioni moja mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Binti aliingia na yule mwenye pengo, wanabishana kwa lugha ya mji, mikono kiunoni, mama akiambulia neno moja moja.

"Mama! Huyu kaleta kitambaa. Sketi yake imeshamfupikia, anataka pindo kama langu. Nimewaambia darasani hakuna fundi kama wewe, sasa usiniaibishe!"

Dereva wa kreni alirudi akakuta kiti chake kimefunikwa vitambaa, wasichana wanagombania kioo.

"Kelele za nani hizi?"

Mama Pima akatoa pini midomoni, akainua kidevu.

"Za mwanangu."