Nambari ya Kibanda cha Posta

Kila sekretari wa mji wa Machakos miaka ile alikuwa na swali moja, na aliliuliza bila kuinua macho: "Uko na simu?" Mimi nilikuwa na nakala kadhaa za barua ya chuo ndani ya bahasha ya kaki, viatu vya kuazima vilivyonibana vidole, na hamu ya kukubaliwa. Simu sikuwa nayo. Kijijini kwetu Kola simu ilikuwa kitu cha kusikia habari zake tu.

Nilikuwa nikisomea kazi ya maabara. Chuo kilitaka kila mmoja wetu ajitafutie atachment, yaani miezi kadhaa ya kujifunza kazi mahali penye kazi, bila mshahara, na yeyote ambaye hangepata kabla ya Agosti kuisha angerudia mwaka. Baba alikuwa ameniambia wazi kwamba mwaka wa kurudia hautakuwepo, kwa kuwa wadogo zangu walikuwa wakingoja zamu yao ya kusoma. Hakunitisha. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioninyima usingizi.

Basi sekretari wa kwanza aliponiuliza, nilitoka nje, nikavuka barabara hadi posta, nikaingia kwenye kibanda cha simu na kunakili nambari iliyobandikwa pale ndani. Nikarudi nikampa. Aliiandika kwa kalamu nyekundu juu ya barua yangu, akasema, "Tutakupigia." Nikaipeleka nambari hiyohiyo hospitalini, kwenye kiwanda cha maziwa, afisi ya kilimo, kila mahali palipokuwa na chupa za kupimia kitu. Jioni ndipo akili iliponirudia: simu ile ikiita, nani angeipokea?

Shangazi yangu, dada ya baba, aliyenipa malazi kwake Mumbuni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Aiya, mwiitu! Umewapa namba ya barabara?" Mwiitu ni msichana kwa Kikamba, naye hakuniita jina lingine tangu nizaliwe. Alipomaliza kucheka alinipa kiondo alichokuwa amekianza, na bunda la nyuzi za katani. Kwetu mwanamke anayesuka haulizwi anangoja nini. "Kaa hapo karibu nayo, suka," akasema. "Usionekane mjinga."

Ndivyo nilivyokaa kwenye ukuta mfupi wa posta. Ilikuwa Julai, na Julai ya Machakos ina ukungu unaoshuka milimani asubuhi na kukaa mjini kama mgeni asiye na haraka. Watu walitokeza ndani yake, wakapiga simu, wakapotelea humo tena. Nilisikia upande mmoja tu wa kila mazungumzo. "Mwambie asiuze." "Bado anakohoa?" "Hapana, ni wewe ulisema." Vidole vikisuka, nilijaza upande wa pili mwenyewe, hata nikafika mahali sikujua tena lipi nililisikia na lipi nililiota. Akilini nilimwona pia mtu atakayenipigia. Alikuwa na koti jeupe, dirisha lake lilitazama mkaratusi, na barua yangu alikuwa akiigeuza mkononi polepole, akikaribia kuamua. Nilimpenda mtu yule, na hata sauti nilikuwa nimeshamchagulia.

Simu iliita kweli, tena mara nyingi, lakini haikuwa yangu. Kumbe ujanja wangu haukuwa wangu peke yangu, nusu ya mji ilikuwa imeigawa nambari ile. Kwa kuwa ni mimi niliyekuwa karibu, nilipokea. Nikawa naambiwa mwambie fulani gunia limefika, mwambie fulani asije Kithimani leo, daraja limeharibika. Watu wakaanza kunipitia asubuhi, "Sasa, msichana wa simu, nimepigiwa?" nami nikawajibu kwa lugha safi kama karani mwenye meza yake.

Aliyekuja kila siku alikuwa mchuuzi wa viazi, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati aliyekuwa na kibanda chake sokoni. Mkewe alikuwa kwao akikaribia kujifungua, na mara mbili huko nyuma walikuwa wamempoteza mtoto. "Dada, hajapiga?" angeuliza. Nikisema bado, alitikisa kichwa kama aliyetarajia jibu hilo, akaenda zake.

Siku moja saa sita hivi simu iliita, na mama mmoja akanipigia kelele sikioni: "Mwambie ni msichana! Mwambie wote wako sawa!" Nilitupa kiondo ukutani nikakimbia mpaka sokoni. Nilipomwambia, yule mchuuzi alikaa juu ya magunia yake akalia mbele ya wateja bila kujifuta. Nilikaa naye kidogo. Furaha ile ilikuwa nzuri kuitazama, na mimi nilikuwa na njaa ya kuona mtu akijibiwa.

Niliporudi posta, mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa akitoka kibandani. Aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba kuna mtu aliyepiga akimtaka msichana fulani. Akalitaja jina langu, na la baba.

"Ukamwambia nini, mzee?"

"Nilimwambia hapa ni barabara tu, hakuna msichana kama huyo."

"Alisema anatoka wapi?"

"Hakusema. Alisema pole, akakata."

Nilitaka kumpigia mayowe. Nikasema asante, nikaokota kiondo, nikaketi ukutani.

Kesho yake nilizunguka tena afisi zote, ila sasa sikuwa na barua wala bahasha. Nilikuwa na swali. "Ni nyinyi mlinipigia jana?" Niliingia nimesimama wima, kwa sababu sikuja kuomba, nilikuja kuitika. Masekretari waliinua macho. Wengine waliuliza ndani, wengine hata hawakujisumbua. Hapana, si sisi. Hapana. Labda, lakini mkubwa amesafiri.

Mwisho nilifika afisi ya maji, ambako maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya klorini. Mkubwa wake alikuwa mama mnene aliyevaa sweta mbili.

"Sisi hatukupiga," akasema. "Nani alikuambia ni sisi?"

"Hakuna, madam. Nawauliza wote."

"Umezunguka mji mzima kutafuta mtu alikupigia?"

"Ndiyo. Hapa ndipo pa mwisho."

Aligeuka akatazama chupa chafu zilizojaa kwenye sinki. "Kuja Jumatatu," akasema. "Na uje na koti jeupe."

Nilishuka ngazi nikilia, na watu wakanipisha wakidhani nimefiwa. Nilikuwa nimeokoka, baba angeambiwa jioni hiyohiyo. Lakini hata furaha ile ilipokuwa imenijaa kifuani nilimfikiria yule mwingine, yeyote aliyekuwa, aliyeichagua barua yangu kati ya nyingi, akazungusha nambari, akalitaja jina langu vizuri, akaambiwa sipo. Sikumjua kamwe. Nilitamani tu kumwambia kwamba nilikuwepo siku zote, ila saa ile nilikuwa nimefika sokoni mara moja tu.