Kitabu Kipi Juu ya Kipi

Bibi wa maktaba yetu hapa Nizwa, Omani, hapangi vitabu kwa ukubwa. Huvifuta kimoja kimoja kwa kipande cha kanga, vidole vimeiva hina, kisha huweka cha dini juu na cha dunia chini, kama alivyofunzwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, Unguja. Nilipomwomba aniwekee vya tasnifu yangu niliona haya: wanafalsafa wa Kiyunani, na mababa wa Kanisa waliochota kwao. Nilihofu ataniuliza mtoto wa Kiislamu anatafuta nini humo. Hakuniuliza. Aliweka mababa juu, Plato chini.

“Hawa wa juu, bibi, wamesoma kwa huyo wa chini.”

“Alaa!” Akavipindua taratibu. “Mwalimu hawekwi chini ya mwanafunzi wake, mwanangu.”

Mwaka mzima alinitunzia mrundo ule vivyo hivyo, wala hakumwachia mtu kuuvuruga. Juzi nimempelekea tasnifu yenyewe, imeshatiwa jalada. Akaifuta. Akaunyanyua mrundo wote kwa mikono miwili, kifua kikimhema, akanionyesha kwa kidevu niiweke chini kabisa.

“Wote hawa walimu wako.”

Sijapata kufurahi vile kwa kuwekwa chini.