Mwalimu Alikuwa wa Chakula

Admin, jina langu lifiche, ila Karatu itaje tu. Walimu tupo wengi huku, hakuna atakayenijua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nafundisha shule ya msingi, nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii, anapeleka wageni kreta ya Ngorongoro. Ndoa yetu ina miaka kumi na moja. Sijapigwa na sijamfumania na mtu, nasema mapema maana najua mtaniuliza. Kinachonisumbua ni kinyaa. Mume wangu ananitia kinyaa, jamani, mpaka nikimsikia anavyotafuna naondoka mezani.

Chanzo ni akaunti za benki. Mwanzoni tulikuwa tunatumia ovyo. Msimu wa wageni tunakula nyama kila siku, masika yakianza na magari yakilala tunakopa unga dukani. Siku moja akarudi safari amechangamka kweli. Anasema mgeni wake mmoja, mzee wa Kizungu, amemweleza walipokuwa wanakula chakula cha mchana kule chini kreta jinsi yeye na mkewe wanavyogawa pesa za nyumbani. Kuna akaunti ya bili, ya matumizi na ya akiba, na hazichanganywi. Nilifurahi, siwafichi. Nikapika chai ya tangawizi, tukakaa tukapanga.

Akaniambia, "Mama watoto, mshahara wako hauna msimu, na kodi na ada nazo hazina msimu. Kwa hiyo wako uende kwenye bili na matumizi. Pesa yangu mimi inategemea wageni, hiyo tuiweke akiba tujenge." Sasa hapo ningekataa nini? Mimi mwenyewe nafundisha hesabu na nikaona hesabu imekaa sawa.

Basi nikalipa. Kodi ya nyumba mimi, umeme mimi, maji mimi, ada, sare, gesi, unga, mafuta, sabuni, mpaka michango ya harusi na misiba ya kwao, mimi. Viatu vyangu vya kazini nimevishona mpaka fundi akanionea huruma. Masika yakifika mume wangu amelala kwenye kochi na soksi zake, anauliza mbona leo hakuna nyama. Naenda kununua nyama. Moyoni najiambia si kitu, kule akiba kuna tofali zetu. Na kweli nyumba ikasimama, vyumba vitatu, njia ya kwenda Oldeani, bati jekundu unaliona ukiwa mbali.

Mwezi uliopita mama yake akaja kutoka Arusha kuiona, tukaenda wote. Mama wa watu kazunguka, kagusa kuta, kasifia vigae. Kisha akamuuliza mwanae kama na mimi nilisaidia. Mimi nipo palepale, nimemshikia pochi yake. Mume wangu akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu alikuwa wa chakula."

Wa chakula! Kama mpishi wa kambi.

Kwa heshima ya mama mkwe nikaendelea kumshikia pochi. Alipoondoka nikamuuliza mume wangu mkataba wa kiwanja umeandikwa majina ya nani. Wala hakuona haya. Kumbe ni jina lake na la mdogo wake, eti mdogo mtu ndiye aliyesimamia mafundi. Nikauliza, na mimi je? Alikuwa anachokonoa meno na njiti, akitoa nyama niliyonunua mimi. Akanijibu, "Pesa yako wewe imeshaliwa. Yangu ndiyo imesimama pale."

Nikamuuliza imeliwa na nani. Akasema nimeanza maneno ya vikao vya walimu, akawasha televisheni. Tangu siku ile nikimwona anamega ugali nageuza uso. Nawaza, hilo tonge nalo linakwenda kuwa "limeshaliwa". Nikifua mashati yake ya kazi nayashika kwa ncha za vidole. Yaani miaka yote hii mtu anakula mshahara wangu kwa raha zake, halafu ananihesabia kwamba umekwisha.

Nimemwomba tuandike jina langu. Anasema tutaongea baada ya ibada. Ibada yenyewe ni Jumamosi hii, mchungaji anakuja kuibariki nyumba na ukoo wake wote unakuja. Nimeshaagizwa pilau na mbuzi wawili, vitoke akaunti ya matumizi, maana ndiyo kazi yake. Kwa lugha nyingine, vitoke kwangu.

Mama yangu kule Mbulu anasema nisivunje ndoa kwa sababu ya karatasi. Mwalimu mwenzangu anasema nifunge pochi, nisilipe kitu tena. Ni rahisi kusema. Nisipolipa ada, watakaorudishwa nyumbani ni wanangu, na baba yao atakuwa loji anakula na wageni.

Mshahara unaingia kesho. Nikiupeleka kulekule, Jumamosi nitakuwa jikoni kwenye nyumba isiyo yangu, nawapakulia watu waliokuja kumpongeza yeye. Nikiuzuia, ukoo mzima utakuta sufuria tupu na mimi ndiye nitakayeitwa mwanamke mbaya. Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nipike au nisipike? Nishaurini, ila asitokee mtu wa kuniambia nivumilie. Uvumilivu nao nimeulipia mimi, kila mwezi.