Mti wa Mei Uliokatwa Makusudi

Jua la mwisho la Aprili halijapanda sawasawa juu ya Haslreit, kijiji cha Bavaria, na Zenzi Obermoser, seremala wa miaka hamsini na minane, tayari anafoka. Mbele yake wanaume watano wamepiga magoti, wanalainisha msonobari mrefu kwa unyenyekevu wa watu waliokuja kuungama.

"Taratibu, Korbinian! Unachonga mti, humenyi kiazi!"

"Ndiyo, mama," anajibu Korbinian Lechner, kiongozi wa vijana wa Moosenried, kijiji jirani.

Ikumbukwe, ndugu msomaji, kwamba huku kuiba mti wa Mei, nguzo ya sherehe ya kijiji, ni heshima. Majirani huuvizia kabla haujasimamishwa uwanjani Mei mosi, wenyewe huukomboa kwa bia na nyama, na amani hutawala. Sheria haikiiti kitendo hicho wizi, maana mwibaji anakusudia kuurudisha. Polisi nao hualikwa kunywa.

Lakini mashujaa wa Moosenried, wakiutorosha mti wa Haslreit, walikwama konani, mti ukiwa mrefu kuliko akili zao. Wakaukata vipande viwili.

"Hatukukusudia ubaya," Korbinian alijitetea siku ile.

"Kwa hiyo msumeno ulijiwasha wenyewe?" aliuliza Zenzi, aliyeuchonga mti huo jioni za wiki tatu bila ujira.

Hapo utani uligeuka kosa. Askari alieleza kwamba kuna milango miwili: kijiji kikilalamika, wakataji watashtakiwa kwa kuharibu mali makusudi, na faini itakwenda serikalini; kikidai fidia, watakilipa kijiji hasara. Milango yote miwili iko wazi. Wanakijiji walimwachia Zenzi aamue.

"Faini haisimami uwanjani," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Kijiji bila mti Mei mosi ni harusi bila bibi arusi. Nikawaambia: leteni mti kutoka msitu wenu, mchonge kwa mikono yenu. Mti usipokuwa tayari kufikia leo, nakwenda polisi."

Jioni inaingia. Wanaume wanasimama, migongo ikilia. Korbinian anapangusa vumbi la mbao mikononi.

"Na malalamiko, mama?"

Zenzi anapitisha kiganja juu ya mti, polepole, kutoka shina hadi ncha.

"Sina la kulalamika."

Kelele zinazolipuka zinawatimua kunguru wa kanisani. Zenzi anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anamwinamia mwandishi.

"Mwakani tunawaibia wa kwao," ananong'ona. "Makusudi kabisa."