Mlingoti wa Gari la Baba

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Sili kwa mama ntilie asiyefunika sufuria. Sishiki noti halafu nikashika mkate. Dukani kwangu Nachingwea, ambako nauza dawa, nafuta kaunta mpaka wateja wananicheka. Anayetaka kujua ile siku ya gereji ilinipitiaje, aanzie hapo.

Gari lilikuwa la baba. Ni gari la michezo la Kijapani, la zamani, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba barabara ya kijijini kwetu Mandawa inalikwangua tumbo kila likipita. Baba alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Alilinunua msimu mmoja korosho zilipofanya vizuri, na kijiji kizima kikaona mzee kapagawa. Lakini hakupenda mbio. Alipenda antena. Ukiwasha redio inachomoza yenyewe kwenye bodi, pembeni ya buti, zzzz, inapanda taratibu mpaka mwisho. Ukizima redio inajizamisha. Baba aliiita mlingoti. Hakuliondoa gari hata siku moja kabla mlingoti haujasimama wote, na mama pembeni yake alikuwa anageuka kuutazama kila safari, miaka yote hiyo, kama ndiyo kwanza anauona.

Baba alifariki ghafla, presha. Mama akakaa eda, na katika ile miezi minne na siku kumi aliniomba kitu kimoja tu. Siku ya kutoka nimpeleke kwa ndugu zake Nandagala kwa gari la baba, na tusiondoke mpaka mlingoti usimame. Nikamwambia hilo dogo, mama. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshauvunja. Baada ya matanga nilipolichukua gari kulipeleka Nachingwea, niliwasha redio, mlingoti ukapanda nusu ukakwama, mota ikawa inasaga meno ndani kwa ndani. Nikashuka, nikauvuta kwa hasira. Kipande cha juu kikabaki mkononi mwangu.

Basi nikaagiza antena nyingine, iliyotumika, ikaja na basi kutoka Dar. Zilibaki siku tatu mama atoke eda. Fundi pekee niliyesikia anajua mambo hayo alikuwa Ruangwa, nikaenda kwake.

Jamani, yule fundi. Ni mtu mzima, mcheshi, na sina ugomvi naye, lakini alikuwa anaweka ugoro mdomoni, anatema pembeni ya tairi, kisha anajifuta kwa tambara lile lile analofutia spana. Alinipa mkono. Niliupokea shingo upande, na mwingine nikauficha mfukoni kwenye chupa yangu ya spiriti.

"Dokta," akaniambia, maana sisi wauza dawa wote tunaitwa madokta, "hii inafunguliwa kwa ndani. Toa vitu kwenye buti."

Tukatoa. Akabandua lile zulia la pembeni, na harufu ikatoka ikanipiga puani. Panya walikuwa wamejenga humo. Walikuwa wamekusanya sufi ya kiti, vipande vya gazeti na maganda ya korosho, wakalala, wakazaa, wakakojoa, na wengine wakafia humo humo. Kulikuwa na mjusi mkavu amebanduka ngozi. Kulikuwa na mabibo yaliyooza zamani, yamegandia kwenye chuma kama kamasi. Nilisogea nyuma ya gereji nikatapika chai yote ya asubuhi. Niliporudi, fundi alikuwa anazoa yale mambo kwa viganja huku anapiga mluzi.

Nikavaa glavu za dukani kwangu. Alicheka sana. Lakini nilitaka kazi iishe, nikainama nimsaidie.

Alichomoa waya, akafungua nati ya juu kwenye bodi, akalegeza skrubu za chini. Antena haikutoka. Ilikuwa imeshikwa na kitu cheusi, kigumu kwa nje kama rangi ya mlango, na ndani bado kinanata. Mirija yake iliyobaki ndani, ule waya wa plastiki wenye meno unaoisukuma, gia, mota, vyote vilikuwa vimezama katika uji huo mweusi. Nikashika upande wangu, yeye upande wake, tukavuta. Ncha ya bati ikanichania glavu ya kulia, na ule uji ukaniingia vidoleni. Ulikuwa na utelezi wa kitu kilichooza. Nikasema kwa sauti, bila kujali nani ananisikia, kwamba mtu aliyefanya uchafu huu ni mpumbavu, na kama ni fundi wa zamani basi alaaniwe.

Fundi aliwasha kiberiti, akaupasha ule weusi kwenye nati ili ulegee. Moshi ukapanda, nami nikaujua kabla haujaniingia vizuri. Hakuna mtoto wa huku asiyeujua. Ni moshi wa maganda ya korosho yanapochomwa.

"Mafuta ya ganda," fundi akasema. "Mtu kaupaka mlingoti kama anavyopaka nguzo ya nyumba."

Nikakaa juu ya tairi chakavu, kinyaa na yote. Nyumba yetu ya Mandawa nguzo zake zote baba alizipaka mafuta ya ganda, na mchwa hawakuzigusa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kila kitu kinachosimama. Mtu wa mjini asingewaza hivyo, wala asingeyapata mafuta yenyewe. Na mafuta hayo ni makali, yanababua ngozi, kila mbanguaji wa korosho anajua. Baba alijua kuliko wote.

Ndipo nikakumbuka simu. Wiki chache kabla hajafa alinipigia, sauti yake ya upole ile ya kuomba. Mlingoti unakwamakwama, mwanangu, niletee kopo moja la mafuta ya mgando niupake uteleze. Mimi kwenda kule nilikuwa sitaki. Mbuzi wanalala barazani, popo wamejaa darini, nzi wanatua kwenye kikombe kabla hujakishika. Nikamwambia yameisha dukani. Yakija nitakuletea, baba. Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea rafu yenye makopo ya mafuta ya mgando yaliyopangwa mpaka juu.

Kisha nikakumbuka kumwosha. Mimi ndiye niliyemimina maji. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwenye ncha, ngozi inambanduka, chini nyama nyekundu. Nilidhani ni uchafu wa shamba. Mwili ulinisisimka nikageuza uso ukutani, nikamimina bila kuangalia, wenzangu ndio waliovishika. Nilimwonea kinyaa baba yangu siku ya kumzika. Sijawahi kumwambia mtu.

Antena mpya iliingia bila shida. Fundi alisafisha tundu, akafunga, akaunganisha waya, akawasha redio. Zzzz, mpaka mwisho. Akapiga makofi. Nikamshukuru na nikampa mkono bila kutafuta spiriti.

Kesho yake vidole vyangu vilikuwa vimevimba malengelenge. Keshokutwa vikawa vyeusi. Kabla ya kwenda Mandawa nilichukua kopo moja pale rafuni, nikaliweka kwenye kidroo cha gari, niwe naupaka mlingoti kama alivyotaka baba.

Mama alitoka na khanga mpya, akapanda, akafunga mlango kwa mikono miwili kama alivyozoea. Niliwasha redio. Aligeuka, akautazama mlingoti unapanda. Niliposhika gia akaniambia, "Bado." Ukamaliza kupanda. Ndipo akaiona mikono yangu kwenye usukani.

Akakishika kidole kimoja, akakigeuza.

"Hivi hivi vya baba yako," akasema. "Siku zile hawezi hata kumega ugali. Nilikuwa namlisha mimi kama mtoto, na anacheka."

Akafungua kidroo kutafuta kitambaa, akalikuta kopo. Alilifungua, akachota kwa kidole, akaanza kunipaka taratibu, kidole baada ya kidole, bila kuogopa ule weusi wala ngozi inayobanduka.

"Alhamdulillahi," akasema, "yamekuja. Alikuwa ananiambia, tusimsumbue mtoto, dukani kwake yameisha."

"Yamekuja juzi, mama," nikamjibu.