Nilivyowafundisha Waturuki neno "get" hapa Joburg, mpaka mkono wa kushoto ukaniumbua

Wakuu, salamu kwenu wote mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi.

Hii si chai ya kutunga. Chai imo ndani, tena nyingi, lakini ni ile ya kunywa kwenye vigilasi. Mengine yote yamenitokea mimi mwenyewe, na aibu yake bado ninayo.

Nipo Sauzi tangu 2009. Mwaka mmoja hivi baada ya Kombe la Dunia nilikuwa nalinda magari ya watu kule Newtown, karibu na soko.

Kazi yenyewe ni kuvaa kikoti cha kung'aa, kupunga mikono kama unaongoza ndege, na kumwambia mwenye gari "sharp, boss". Nyumbani Tabora mama alikuwa anajua nipo ofisini. Sikumdanganya sana, kikoti kilikuwa na maandishi.

Nilikuwa naishi Malvern na Mrundi mmoja, fundi cherehani, tumwite Nestor. Alikuwa anashona mapazia kwenye duka la Waturuki pale Jules Street. Siku moja akarudi na habari. Waturuki wake wanasoma Kingereza kwenye kishule kidogo kule Observatory, mwalimu wao kaacha kazi ghafla, mwenye shule anatafuta mtu.

Nikamwambia, "Waambie yupo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Weye? Mutanzania afundishe Kingereza? Hein, Mungu wangu!"

Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nikampuuza. Watu wengine hawapendi kuona mwenzao akipanda.

Mwenye shule alikuwa mwalimu mstaafu, Mrs. Petersen, mama mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Shule ilikuwa sebule yake. CV niliyompelekea ilikuwa na uzoefu ambao hata mimi niliusoma kwa mshangao.

Akanipa miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wake atakuja kukaa darasani, aangalie ninavyofundisha. Akiridhika ananipa mkataba na barua ya kazi.

Wenye kuishi ugenini mnaijua barua hiyo. Ndiyo inayokutoa kwenye kikoti cha kung'aa, ndiyo unayokwenda nayo ku-renew karatasi zako za ukaazi bila woga. Niliitaka ile barua kuliko chakula.

Nikampigia mama kabla hata sijafundisha somo la kwanza. Jumapili ile kanisa zima likatangaziwa kwamba mwanawe ni mwalimu wa Kingereza Sauzi. Walinipigia vigelegele bila mimi kuwepo.

Haya, darasa. Wanafunzi watano tu. Orhan, kinyozi. Mafundi watatu wa duka la mapazia. Na Mama Emine, mama mzazi wa mwenye duka, umri wa sitini hivi, kilemba cha maua, na chupa ya chai haimtoki mkononi. Kila kipindi lazima anywe kila mtu, ukikataa anakuangalia kama umemtukania ukoo.

Alikuwa anasoma kwa sababu moja. Mjukuu wake kazaliwa hapa hapa Joburg, anaongea Kingereza tupu. Bibi na mjukuu wanaishi nyumba moja na kuzungumza kwa kuoneshana vidole.

Walichokwama wote ni neno "get".

Wakuu, hebu kaeni na hili neno dakika moja. Ukiamka ni get up. Ukipanda basi get on, ukishuka get off. Ukipotea get lost. Ukiolewa get married, ukipona get better, ukizeeka get old. Ukielewa, nako ni get! Sisi kila kitu tumekipa jina lake kama watu tuliolelewa vizuri, na Waturuki vivyo hivyo. Mwingereza kachoka kutunga maneno, kashika moja, kalitwisha mzigo wote.

Orhan alikuwa na daftari. Upande mmoja kaandika almak, olmak, binmek, inmek, anlamak, na ukurasa mzima wa maneno mengine ya kwao. Upande wa pili kaandika "get" moja tu katikati, mishale yote inaelekea huko.

Akaniuliza, "Teacher, why one word?"

Nikamjibu kwa mamlaka yote niliyopewa na CV yangu: "Because English."

Akaandika na hilo.

Njia yangu ya kufundisha mnaijua, maana wengi wenu humu mmepikwa nayo. Kukariri. Nilitunga sentensi arobaini za get nikazibandika ukutani, kazi ikawa kuimba. "I get up! I get dressed! I get the bus!" Watu wazima, kinyozi na ndevu zake, wanaimba kama darasa la pili.

Nikiuliza "Understand?", wanaitikia "Yes, teacher!"

Miezi miwili na nusu sikuulizwa swali lingine hata moja. Nikajiona bingwa. Nikaanza hata kumsahihisha Nestor Kingereza chake, na yeye wala hakuniuliza.

Wiki ya ukaguzi ilipofika nikajaribu kitu kidogo. Nikawauliza sentensi za ukutani bila kufuata mpangilio. Lahaula! Orhan peke yake ndiye aliyejikongoja. Wengine wananitazama kwa upendo mkubwa na hawajui chochote.

Barua yangu ile inaondoka naiona.

Ndipo nikakumbuka shule yangu ya msingi. Mkaguzi akija, mwalimu wetu alikuwa anatupanga mapema. Akiuliza swali, darasa zima linyooshe mkono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anaandika "hongera", anakwenda kwa mwalimu mkuu kula kuku.

Nikawafundisha Waturuki hiyo mbinu saa nzima. Nawaambia ukweli wakuu, hilo ndilo somo pekee nililowahi kulifundisha na likaeleweka.

Mama Emine peke yake aliuliza. "But, teacher, if I don't know, why hand?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna atakayemchagua.

Siku ikafika. Mrs. Petersen kakaa nyuma, miwani kaivaa. Nauliza swali la kwanza, mikono mitano juu! Nikamchagua Orhan. Kajibu. La pili, mitano juu, nikamchagua Orhan. La tatu, nani tena? Orhan. Mikono mingine minne yote ilikuwa ya kushoto, imenyooka kama ya askari.

Mrs. Petersen akatabasamu. "May I?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mkaguzi wa huku hasubiri kuku. Anauliza mwenyewe.

Akauliza swali jepesi tu, umefikaje hapa leo asubuhi. Mikono mitano juu. Akamwonesha Mama Emine.

Mama Emine hakusimama. Akautazama mkono wake wa kushoto, akanitazama mimi, akamgeukia mwenye shule. Kwa Kingereza chake cha kukatakata akasema, "Sorry, madam. This is left. Right hand, know. Left hand, don't know. Teacher say so."

Orhan akashusha mkono taratibu, ingawa wake ulikuwa wa kulia. Mafundi wakaangalia chini. Mimi nikawa nasoma sentensi zangu ukutani kama naziona mara ya kwanza.

Mrs. Petersen hakunigeukia. Alimuuliza Mama Emine kwa upole, ni kitu gani hasa hajui?

Wakuu, yule mama aliongea dakika tano, maneno machache, mikono mingi. Sijawahi kumsikia akiongea hata dakika moja. Akasema orodha anaijua, anaiimba hata jikoni. Lakini mjukuu wake haongei kwa orodha. Mtoto akirudi shule anasema maneno kumi haraka haraka, yeye anasikia get moja tu katikati, na kabla hajaitafuta ni ya namba ngapi, mtoto kashaondoka. "I know the wall," alisema. "I don't know the girl."

Alimaliza kwa kufuta macho na ncha ya kilemba.

Baada ya kipindi Mrs. Petersen alibaki na mimi. Nilitegemea kelele. Hakufoka. Alisema, "Umewafundisha wanifiche mimi wasichokijua. Ulidhani wewe walikuwa hawakufichi?"

Mkataba sikupata. Barua sikupata. Jumatatu nilikuwa Newtown na kikoti changu, sharp boss.

Mama Emine nilimchukia wiki nzima, sifichi. Nilimwona msaliti. Nestor ndiye aliyeniambia, tena siku hiyo bila kucheka: "Yule mama alisema ukweli. Weye ulimwambia nini?"

Mwezi uliofuata Mrs. Petersen aliniita. Kumbe alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba CV yangu ni ya kutunga, alitaka tu kuona kama najua kufundisha. Akaniambia kuna kiti kwenye darasa langu la zamani. Cha mwanafunzi.

Niliondoka nimenuna mpaka kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani wanaziita hivyo huku. Nikageuza.

Nikakaa nyuma, jirani na Mama Emine. Akanimiminia chai. Mwalimu mpya akauliza swali, la get hilo hilo, na ningeweza kubahatisha. Kinyozi Orhan kageuka kunitazama, mafundi wote watatu wamegeuka.

Nikanyoosha wa kushoto.

Mama Emine naye akanyoosha wa kushoto. Tukawa wawili.

Nilisoma pale mwaka mzima. Mama Emine siku hizi anamgombeza mjukuu wake kwa Kingereza, na mtoto anajibu, nyumba haikaliki. Mimi bado niko Newtown, ila Kingereza changu sasa ni cha kweli, hata kikiwa kidogo.

Nilichojifunza ni hiki tu: darasa ambalo haliulizi maswali siyo darasa lililoelewa. Limekuogopa, au limekuonea huruma. Langu lilinionea huruma.

Wenye visa vya wakaguzi na mikono ya kushoto mvimwage hapa chini. Wa kulalamika "uzi mrefu" pitieni kimya kimya, robot ni ya kijani. Matusi pia nayapokea, nafanya mazoezi.

Maana mama yangu mpaka leo anasimama kanisani kusema mwanawe ni mwalimu, na Jumapili hii, kabla hajaingia ibadani, nampigia kumwambia ukweli.