Blangeti la Papa

Papa alikufa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa asubuhi, hospitalini Goma, mama akimlisha mumewe uji. Macho yakageuka, uji ukamwagikia shingoni. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya wauza samaki wa soko la Kituku, akapanda kitandani akamkandamiza kifua mpaka nikasikia mbavu zikialika. Nikapiga kelele: "Unamuua!" Kumbe alikuwa anamrudisha.

Moyo ukarudi, lakini papa hakutujua. Daktari akasema ubongo umeumia kwa kukosa hewa, na homa ikipanda utaumia zaidi. Asifunikwe, tumpanguse kwa maji baridi, tungoje kama akili itarudi.

Haya, mwambie mama yangu hayo! Kwetu milimani, mgonjwa ni wa kufunikwa. Tulipokimbia vita Rutshuru, wengine walibeba sufuria. Yeye alibeba blangeti la papa, zito kama mbuzi, kichwani hadi Goma. Muuguzi akilitoa, mama analirudisha.

"Mama, unataka kumupika?" nikamfokea.

"Mutu ametoka kwenye baridi ya kaburi, munamunyima blangeti? Muko na roho gani?"

Muuguzi akalivuta tena blangeti. Alilisukuma chini ya kitanda, akampa mama kitambaa kilicholowa. Mama alimpangusa papa huku akinung'unika, na mizinga ikisikika huko milimani.

Siku moja papa akafungua macho, akamtazama mama, akasema: "Miguu. Baridi."

Ee Mungu! Mama alicheka na kulia pamoja. Hayo ndiyo maneno ya papa ya kila jioni, tangu mama aolewe naye pamoja na baridi yake. Muuguzi akamgusa paji la uso: moto. "Bado kidogo, mama. Kesho, homa ikishuka." Safari hii mama alikubali. Akaketi, akaishika miguu ya papa mikononi.

Kesho yenyewe moyo ulisimama tena. Muuguzi alikandamiza, alikandamiza, jasho lake likimdondokea papa, mpaka daktari akamshika mkono. Muuguzi akashuka kitandani. Akainama, akavuta blangeti kutoka chini ya kitanda, akampa mama kwa mikono miwili.

"Sasa, mama," akasema, na sauti yake yote ya sokoni ilikuwa imekwisha.

Mama akalitandaza miguuni pa papa. Shangazi, aliyekuwa amekuja kumwona kaka yake, akataka kulivuta hadi usoni. Mama akamzuia.

"Uso mutafunika ninyi. Mimi aliniomba miguu."